Mwenyekiti Aliyetafuta Mpinzani

Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Machi, afisa wa mifugo alitoka Kitale na pikipiki yake akaja hadi kwenye josho lile la karibu na Kachibora. Aliketi juu ya kiti kimoja chenye mgongo ambacho mtu alikuwa amekikimbilia nyumbani, akafungua daftari la jalada jeusi, kisha akawaambia wanachama wachague mwenyekiti wao. Kazi hiyo ilikwisha upesi kuliko kuogesha ndama mmoja. Mtu alisema Mzee Eliakim aendelee. Mwingine akaunga mkono. Afisa akauliza kama kuna jina jingine, na kabla hajafika mwisho wa swali lake watu walikuwa tayari wanapiga makofi, yale ya pamoja, matatu matatu, mpaka ng'ombe waliofungwa kwenye ua wakaanza kusukumana. Basi afisa akaandika Eliakim Wanjala, na mbele ya jina hilo akaongeza neno moja refu la Kiingereza, akalipigia mstari chini. Baada ya hapo ilikuwa chai na mikate.

Neno lenyewe lilikuwa "unopposed". Eliakim alisoma mpaka darasa la nne kule kwao Sirisia, na Kiingereza chake kilitosha tu kusoma maandishi ya mikebe ya dawa ya kupe. Lakini neno hilo alilipenda tangu siku ya kwanza, mwaka wa 1981. Alimuuliza afisa lina maana gani, akaambiwa ni mtu kupita bila kupingwa. Akakumbuka kwamba redio husema hivyo hivyo juu ya wakubwa. Akalibeba mpaka nyumbani, akalitamka mbele ya mkewe Nekoye kwa namna alivyoweza: anopozi. Haikuchukua mwezi watu wote wakawa wanamwita Mzee Anopozi, watoto kwa kujificha, watu wazima mbele ya macho yake, naye akaitika kila mara.

Usimcheke sana. Eliakim alifika Cherangany akiwa kijana wa miaka kumi na saba, suruali moja mwilini na nyingine hana, akaandikwa kazi kwa mzungu mmoja aliyekuwa na ng'ombe mia nne. Alipewa kazi ya josho kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Dawa inachoma macho, inanuka mpaka kwenye mto wa kulalia, na ng'ombe akiingia vibaya anakurushia shimo zima usoni. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili bila mtu kumwita kwa jina lake. Mzungu alipouza na kuondoka, watu wakachanga wakanunua shamba kwa ushirika, na Eliakim akapata ekari zake kumi. Josho likabaki, na ndiye peke yake aliyejua lilivyofanya kazi. Kwa mtu kama huyo, neno refu la Kiingereza lililopigiwa mstari mbele ya jina lake halikuwa jambo dogo. Alikuwa na haki ya kulifurahia.

Naye aliitumikia heshima hiyo. Kila Alhamisi alikuwa kwenye josho kabla ya jogoo wa pili, amevaa koti lake la mvua na kofia iliyokatika ukingo, anakoroga dawa kwa mti mrefu. Alipima kwa mkebe ule ule alioachiwa na mzungu, na mvua ikiongeza maji shimoni alikadiria kwa jicho. Aliwajua ng'ombe wa watu kwa majina. Hakuna mtu aliyemsikia akitukana, isipokuwa akimtukana fahali mmoja wa jirani yake Kemboi, na fahali huyo alistahili.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mifupa imchoke, kama asingekwenda Sirisia mwezi wa Aprili 1988 kwa shughuli ya mahari.

Mtoto wa dada yake alikuwa anaolewa na Wasabaoti wa kutoka juu mlimani, na Eliakim alikuwa mjomba, kwa hiyo hakuna ng'ombe ambaye angehesabiwa bila yeye kuwapo. Kwa kuwa pande mbili hazikuwa na lugha moja, mazungumzo yalikwenda kwa Kiswahili. Ng'ombe walikubaliwa mapema, watu wakala, na wakiwa wanasubiri chai mmoja wa wageni akauliza habari za diwani mpya wa pale. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi wa mlolongo, ule wa kila mtu kusimama mstarini nyuma ya anayemtaka, na habari za uchaguzi zilikuwa hazijapoa midomoni.

Mume wa dada yake alijibu kwamba diwani wao hata hakupigiwa mlolongo. Alipita anopozi. Eliakim aliposikia neno lile aliinua kichwa kwa furaha, kama mtu aliyeitwa sokoni na rafiki. Lakini wenzake wote walikuwa wanacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha kupongeza. Ndipo akasimuliwa. Kumbe diwani yule alikuwa na mpinzani, mtu mwenye nguvu. Siku ya kupeleka karatasi za kugombea, mpinzani huyo alialikwa chai nyumbani kwa binamu yake. Alichinjiwa kuku. Alipokuwa anakula, mlango ukafungwa kwa nje, ukafunguliwa saa kumi na moja jioni, ofisi zikiwa zimekwisha fungwa. Kuku alimmaliza, walisema. Hilo ndilo lililowachekesha zaidi.

Eliakim hakucheka. Alisema kwamba kupita bila kupingwa ni dalili ya watu kukupenda. Shemeji yake akamtazama kwa huruma, akaweka kikombe chini.

"Anopozi si kusema watu walikutaka, shemeji," alisema. "Ni kusema hakuna mutu aliulizwa."

Maneno hayo aliondoka nayo Sirisia. Alipita nayo Bungoma mjini, akabadilisha gari Kitale, akateremka nayo Kachibora yakiwa bado yanamwasha. Yeye hakumfungia mtu mlango. Hakumchinjia mtu kuku. Lakini mara nne jina lake limeandikwa katika daftari lile, na alipojaribu kukumbuka watu wangapi walimchagua, aliona hana hesabu. Hakuwahi kupata kura hata moja. Alipata makofi.

Akaanza kuwauliza watu. Alimuuliza Kemboi, jirani yake wa mpaka mmoja, kama kweli anamtaka awe mwenyekiti. Kemboi alifikiri ni mzaha. "Mzee, si wewe uko tu," alijibu, akaendelea kufunga uzio wake. Eliakim alitembea kwenda nyumbani akiyatafuna maneno hayo. Mti ulio kando ya barabara pia uko tu. Alimuuliza mwanakwaya, akamuuliza fundi wa baiskeli, akawauliza wanawake wa mnadani, na wote walimjibu neno moja: nani atakupinga, mzee? Hakuna aliyesema tunakutaka. Labda walimtaka. Labda walimwonea haya. Labda walikuwa wavivu tu wa kufikiria jina jingine. Hakuwa na njia ya kujua, na jambo hilo lilimnyima raha hata Alhamisi.

Nekoye alichoka kumsikiliza. Alimwambia kwamba kama anataka kujua ng'ombe yupi ana nguvu, lazima awe na wawili.

Hivyo ndivyo Eliakim Wanjala, mwenye umri wa miaka sitini na mbili, alivyoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba akitafuta mtu wa kumpinga. Kituko kama hicho hakijaonekana Cherangany tangu izaliwe. Alianza na Kemboi tena. Kemboi akakataa katakata, akasema hawezi kuamka kila Alhamisi gizani kwa ajili ya kupe wa watu wengine. Akaenda kwa Kiptanui, mtu msomi kidogo, mwenye ng'ombe sita wa gredi, wale wa maziwa mengi. Kiptanui alipauka. Aliuliza amemkosea mzee wapi hata ategewe mtego kama huo, na ingawa Eliakim alikaa pale saa nzima akimweleza, kesho yake asubuhi Kiptanui alifika na jogoo wa kuomba msamaha. Eliakim alimkatalia jogoo. Tangu asikie habari za yule kuku wa Sirisia, hakutaka hata kumwona jogoo huyo.

Mtu wa tatu alikuwa Rahab Nyaruai.

Rahab alikuwa mjane. Yeye na marehemu mumewe walitoka Nyeri na kununua ekari tano upande wa mtoni, na mume alipofariki alibaki na watoto wanne na ng'ombe wawili. Alikuwa mama wa kanisa, sauti yake nyembamba ikiwa imezoeleka katika maombi ya kufunga mikutano yote ya kijiji, ya shule, ya maji na ya josho. Eliakim hakwenda kwake akimfikiria yeye. Alikwenda kuuliza kama shemeji wa Rahab, aliyekuwa mhasibu zamani, angekubali kugombea.

Alimkuta anapukuchua mahindi mlangoni. Alikaribishwa kigoda, akaeleza haja yake. Rahab aliendelea kupukuchua mpaka gunzi lile likaisha.

"Hiyo kiti mimi nimeitaka tangu mwaka wa themanini na tano," alisema.

Eliakim alifikiri hakusikia vizuri. Akauliza mbona hakusema.

"Nilisema. Afisa aliuliza kama kuna mwingine, nikainua mkono. Wewe ukaniona. Ukasema, 'Mama Rahab atufungie na maombi.'"

Eliakim aliikumbuka siku ile vizuri kabisa. Aliuona ule mkono ukiinuka katikati ya makofi, akafurahi kwamba mama wa kanisa amejitolea bila kuombwa. Watu walivua kofia. Na Rahab akaomba, akaombea mvua na mifugo na mwenyekiti.

"Kwa nini uliomba basi?" aliuliza.

"Sasa mzee, watu wameinamisha vichwa, nitasema nini? Mtu haambiwi aombe akatae. Na mwaka wa themanini na saba nikainua tena." Akachukua gunzi jingine. "Nikaomba tena."

Halafu, bila ukali, akamweleza kwa nini alikitaka kiti kile. Mwaka wa 1983 mtamba wake alikufa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, mtamba aliyekuwa na mimba ya miezi saba, ilhali hakukosa josho hata Alhamisi moja. Rahab alichota dawa kwenye chupa, akaipeleka Kitale kwa miguu yake, ikapimwa, ikaonekana ni maji yaliyotiwa rangi. Mvua ilikuwa nyingi mwaka ule, na mwenyekiti alikuwa anakadiria kwa jicho. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba jicho la mtu linazeeka, na kwamba kipimo kinafaa kufanywa kila mwezi, na kwamba hayo ndiyo angesema kama mtu angemwachia nafasi ya kusema.

Eliakim aliondoka pale ameona aibu kubwa, aibu ya kweli, inayokufanya uende njia ya nyuma usikutane na watu. Yule wa Sirisia angalau alijua amefunga mlango. Yeye alikuwa ameufunga kwa maombi, mara mbili, na kuitikia amina kwa sauti. Akamwambia Nekoye yote. Nekoye akauliza atafanyaje kama mama yule akigombea na kumshinda.

"Nitakuwa nimejua," alisema Eliakim. Lakini alilisema akiangalia chini, kwa maana kiti kile alikipenda.

Ulipokaribia Machi 1989, alipanda lori la mahindi mpaka Kitale, akaingia ofisini kwa afisa wa mifugo, Bwana Kiplagat, kofia mkononi. Alieleza kwamba safari hii ana mpinzani. Bwana Kiplagat akamhurumia, akamwambia asiwe na wasiwasi, mambo kama hayo huongeleka. Eliakim akasema hapana, hakuja kumwondoa, amekuja kuomba ahesabiwe. Afisa aliweka kalamu chini akacheka mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. Alisema katika kazi yake yote hajamwona mwenyekiti wa namna hiyo. Akapendekeza mlolongo, ndio mtindo wa siku zile, watu wasimame nyuma ya wanayemtaka na mambo yaishe mchana kweupe.

Eliakim alikataa. Alisema mlolongoni watu watasimama nyuma yake kwa kumwonea haya, na akigeuka kuwatazama watamchekea, naye atarudi nyumbani bila kujua lolote. Alitaka kila mtu aamue akiwa peke yake. Walikaa wakapanga, na afisa akaandika.

Siku yenyewe watu walikuja wengi kuliko miaka mingine, sabini na watatu, kwa sababu uvumi ulikuwa umetangulia ingawa hakuna aliyeuamini. Bwana Kiplagat alifungua daftari lake. Mtu akasema Mzee Eliakim aendelee. Mwingine akaunga mkono. Afisa akauliza kama kuna mwingine, na mikono ya watu, kwa mazoea tu, ikaanza kupiga makofi.

Rahab akainua mkono. Wazee wa mstari wa mbele walipouona, wakavua kofia. Wanawake wakainamisha vichwa, na kina mama wawili walikuwa wamekwisha fumba macho.

Eliakim akasimama. "Vaeni kofia," alisema. "Mama Rahab haombi. Mama Rahab anataka kiti changu."

Makofi yalikufa. Watu walitazamana, wakamtazama Rahab, aliyekuwa bado ameinua mkono na hakuonekana kutaka kuushusha. Afisa akauliza nani anamuunga mkono. Kila mtu alikuwa anasubiri mwingine. Eliakim alingoja kwa muda aliouona mrefu, akageuka kulia na kushoto, kisha akasema kwamba kama hakuna mwingine, yeye anamuunga.

Upigaji kura wenyewe ulifanyika ndani ya banda la mabati la kuwekea dawa. Madebe mawili yalitengwa juu ya benchi. Kwenye moja waliegemeza fimbo ya Eliakim, kwenye la pili wakafunga kitambaa cha kichwa cha Rahab, ili hata asiyejua kusoma asipotee. Kila mwanachama alipewa punje moja ya mahindi. Angeingia peke yake, aitie anapopataka, atoke.

Kemboi alikuwa wa kwanza. Aliingia, na watu wote nje wakasikia: ting. Na kwa kuwa debe moja lilikuwa jipya na jingine limeoza kutu, kila mwenye masikio alijua punje imeangukia wapi. Kemboi alipotoka, alikuta wanachama sabini na wawili wanamtazama. Alisimama mlangoni hajui aende upande gani. Mama mmoja, Jerono, ambaye hana subira na upuuzi, alivua shuka lake begani, akaingia ndani, akalipasua vipande viwili na kuvitandika ndani ya madebe yote mawili. Punje ya Kemboi ilitolewa akarudishiwa, akaingia tena. Safari hii hakikusikika kitu. Alikaa humo ndani muda mrefu, na watu wanasema mpaka leo kwamba pengine alibadili mawazo, lakini hakuna mwenye hakika.

Wakaingia mmoja mmoja. Eliakim alipofika zamu yake alisimama mbele ya benchi lile na punje yake kiganjani. Fimbo yake ilionekana nyembamba kuliko alivyoizoea. Alifikiria miaka ya shimo na dawa, akafikiria mtamba wa miezi saba. Akatia punje, akatoka nje, akaketi juu ya jiwe.

Bwana Kiplagat alimwaga punje juu ya gunia, mbele ya watu wote, mafungu mawili, akahesabu kwa sauti. Mwanzo mafungu yalikwenda sambamba. Walipofika ishirini na tano kwa ishirini na tano, Eliakim aligundua kwamba ameshika nyasi na kuzing'oa. Kisha upande wa fimbo punje zikaisha. Upande wa kitambaa zikaendelea. Hatuna sababu ya kuficha kwamba mzee aliumia. Watu arobaini na wanne walimtaka Rahab. Walikuwa wamemtaka kwa muda gani, wakati wote ule wa makofi?

Waliomtaka yeye walikuwa ishirini na tisa.

Watu walikuwa wanaogopa kumtazama. Wengine walishtuka na kazi ya mikono yao wenyewe. Eliakim aliinuka, akaenda kwa Rahab, akampa mkono, kisha akampa ufunguo wa banda na ule mkebe wa kupimia. Rahab aliupokea mkebe, akaugeuza, akaona ulivyobonyea, akasema atautunza lakini dawa watapima kwa chombo kingine. Mtu akacheka, na Eliakim pia akacheka, na hapo ndipo makofi yalipopigwa. Kwa kweli yalikuwa marefu.

Watu walipokuwa wanakunywa chai, alimwendea Bwana Kiplagat, akaomba aonyeshwe daftari. Afisa akalifungua mahali penyewe. Kurasa za nyuma kulikuwa na jina lake mara nne na lile neno refu. Hapa neno halikuwepo. Palikuwa na jina lake, na mbele yake 29. Eliakim aliiangalia tarakimu ile kwa makini, akaweka kidole chini yake, na moyo wake, ambao tangu Sirisia haukuwa umekaa sawa, ukatulia.

Nekoye alikuwa na habari tayari. Habari Cherangany hukimbia kuliko ng'ombe. Alikuwa amempikia ugali na nyama ya ng'ombe, chakula cha kumfariji mfiwa, akajiandaa kwa maneno ya upole. Eliakim aliingia anapiga mluzi.

"Ishirini na tisa, mama," alisema, akiketi. "Watu ishirini na tisa wameingia mle ndani peke yao, hakuna anayewaona, wakanichagua mimi."

Nekoye hakuwahi kumwachia mumewe furaha bila kuikagua. "Ukitoa yako wewe, ni ishirini na nane."

Eliakim alimega ugali, akauchovya kwenye mchuzi.

"Yangu haimo," alisema.

Nekoye alimtazama sana. Kisha akamwongezea nyama, akaketi kando yake, na wakala, kila mmoja ameridhika kwa namna yake.

Alhamisi iliyofuata Eliakim aliamka muda ule ule, lakini hakuwa na la kukoroga. Alikunywa chai pole pole mpaka jua likachomoza, kitu ambacho hakuwa amekifanya siku ya Alhamisi kwa miaka minane, akawatoa ng'ombe wake watano na kwenda nao kusimama kwenye foleni kama mwanachama yeyote. Mbele yake watu walikuwa wengi. Kemboi alikuwapo na fahali wake yule yule. Kiptanui alikuwapo, Jerono na shuka jipya, fundi wa baiskeli na mbuzi aliyemsingizia kuwa ndama ili aogeshwe. Eliakim akajikuta anawatazama usoni mmoja mmoja. Huyu ni wangu? Yule je? Kemboi alimwamkia kwa uchangamfu mno. Huenda ni wa upande wa pili na anajificha. Kiptanui hakumtazama, huenda ni aibu ya kumwangusha, au huzuni ya kuangushwa pamoja naye. Alijaribu kuwatenga hivyo kutoka mwanzo wa foleni mpaka katikati, akashindwa. Mle bandani hapakuwa na mtu wa kumwambia, wala shuka la Jerono halikusema kitu.

Basi akaona hakuna njia nyingine. Akawaacha ng'ombe wake kwa jirani, akaanza mwisho wa foleni, akampa kila mtu mkono, akaushika vizuri, akauliza habari za nyumbani na kungoja jibu, kwa kuwa yeyote kati yao angeweza kuwa mmoja wa wale ishirini na tisa. Alifika mpaka shimoni, ambako Rahab alikuwa amevaa koti la mvua linaloburuta chini, jasho linamtoka, anakoroga. Eliakim akanyoosha mkono akamsalimia naye vile vile, kwa mikono miwili. Rahab naye ni mtu wa adabu, na mtu wa adabu hajichagui mwenyewe.